UZI: Nyumba ile ile, bei mbili. Kesi za ubaguzi wa rangi katika uthamini wa nyumba Marekani, na cha kufanya yakikukuta

Mwanakwetu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye magrupu yetu ya walioko Ohio, Minnesota na Texas kuna swali halikauki: "Benki imemleta mthamini, nyumba imekuja chini mno, nifanyeje?" Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba mthamini ana leseni, kubali yaishe. Siliungi mkono jibu hilo. Kuna watu walilikataa wakaenda mpaka mahakamani, na kesi zao zimefichua mambo ambayo kila mweusi mwenye nyumba Marekani, awe mzaliwa wa Alabama au wa Tabora, anapaswa kuyajua.

Kesi ninayoifuatilia zaidi ni ya Baltimore. Nathan Connolly na mkewe Shani Mott walikuwa wasomi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na Connolly ni mwanahistoria ambaye kazi yake yenyewe ni kuchunguza ubaguzi katika ardhi na nyumba. Mwaka 2017 walinunua nyumba mtaa wa Homeland kwa dola 450,000, wakaitengeneza. Mwaka 2021, riba ikiwa chini kabisa, waliomba mkopo mpya kwa kampuni ya loanDepot ili walipe ule wa zamani. Mthamini akaja, akaandika dola 472,000. Mkopo ukakwama. Mwanzoni mwa 2022 waliomba kwa kampuni nyingine, na safari hii walishusha picha za familia yao ukutani, wakaning'iniza picha za watu weupe walizoazima, wakatoka wote nyumbani, na mwenzao wa kazini, mzungu, ndiye aliyempokea mthamini. Jibu likaja dola 750,000.

Soko la nyumba lilikuwa linapanda wakati ule, ni kweli. Lakini mtanionyesha mtaa gani ulipanda kiasi hicho ndani ya miezi michache?

Walifungua kesi Agosti 2022. loanDepot ilimalizana nao Machi 2024 kwa makubaliano yaliyogusa namna inavyoshughulikia malalamiko ya uthamini. Mwezi huohuo Shani Mott akafariki kwa saratani. Mthamini kwa upande wake alikana kubagua, naye akawashtaki kwamba wamemharibia jina. Nalieleza hilo ili mtu asidhani kesi hizi ni mteremko. Hakuna anayeandika kwenye ripoti "nimepunguza kwa sababu mwenye nyumba ni mweusi". Kinachobaki ni kuchambua ripoti mstari kwa mstari: alichagua nyumba zipi za kulinganishia, aliziacha zipi, na kwa nini.

Kesi ya pili ni ya Marin City, California. Familia moja nyeusi iliikarabati na kuipanua nyumba yake kwa mamia ya maelfu ya dola. Mwaka 2020 mthamini akaandika dola 995,000. Wiki chache baadaye waliondoa picha na kila kitu cha asili yao, rafiki yao mzungu akajifanya mwenye nyumba, mthamini mwingine akaandika 1,482,500. Karibu nusu milioni nzima ilikuwa imepotea kwenye karatasi ya kwanza. Walishtaki Desemba 2021. Februari 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani iliiandikia mahakama kueleza kwamba sheria ya haki ya makazi inawabana wathamini pia. Machi 2023 walimalizana na mthamini: alilipa fedha ambazo kiasi chake hakikutajwa, na akakubali kuhudhuria mafunzo kuhusu historia ya utengano katika wilaya ile ya Marin.

Historia hiyo ndiyo kiini. Marin City ilijengwa wakati wa Vita vya Pili kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Sausalito, weusi na weupe. Vita vilipokwisha, weupe wakahamia miji ya jirani. Weusi hawakuweza, kwa kuwa hati za viwanja vya huko zilikataza kuwauzia. Sasa mthamini wa mwaka 2020 anapoandika kwamba Marin City ina soko lake tofauti na mitaa inayoizunguka, kisha akalinganisha nyumba yako na za humo humo tu, anachukua ukuta uliojengwa kwa ubaguzi na kuupa jina la kitaalamu.

Karibuni tujadili. Wenye ripoti zao mkononi, wathamini, wafanyakazi wa benki, semeni.

Hoja_Kwanza

Mleta mada, nimesoma yote na nawaonea huruma waliotendewa hivyo. Ila naomba tuwe waangalifu. Kesi mbili tatu zilizotangazwa na televisheni hazitoshi kusema fani nzima ni ya kibaguzi. Kila mthamini ni binadamu, wawili wakiingia nyumba moja watatofautiana. Isitoshe, mitaa ya weusi kule ina kipato kidogo, shule dhaifu, uhalifu. Mnunuzi anajali hayo, na mthamini anaandika tu mnunuzi atalipa nini. Wapo watafiti, mfano wa taasisi ya utafiti ya AEI pale Washington, wanaosema ukishaingiza kipato na hali ya mikopo ya wakazi, pengo kubwa linapungua sana. Tuwape nafasi nao.

Mwanakwetu

Hoja_Kwanza, asante kwa kuuliza kistaarabu. Nijibu kwa kirefu maana hapa ndipo penye mzigo.

Kwanza takwimu zenyewe. Freddie Mac, moja ya mashirika mawili makubwa yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, ilichambua tathmini milioni 12 za nyumba zilizokuwa zinauzwa kati ya 2015 na 2020. Zingatia: ni nyumba ambazo muuzaji na mnunuzi walikwisha kubaliana bei. Mnunuzi ameamua, soko limesema. Katika mitaa yenye weupe wengi, asilimia 7.4 ya nyumba zilithaminiwa chini ya bei ya mkataba. Katika mitaa ya weusi, asilimia 12.5. Katika mitaa ya Walatino, 15.4. Kama mthamini anaandika tu kile mnunuzi atalipa, hapa mnunuzi alikuwa ameshasaini atakacholipa.

Utafiti wa 2018 wa taasisi ya Brookings, chini ya Andre Perry na wenzake, ulilinganisha nyumba zenye ubora sawa katika mitaa yenye huduma sawa. Zile za mitaa ya weusi zilikuwa chini kwa asilimia 23, yaani wastani wa dola 48,000 kila nyumba, na kwa nchi nzima dola bilioni 156. Huo ndio AEI waliupinga, na hoja yao naifahamu. Lakini huo unapima bei za soko kwa ujumla, ule wa Freddie Mac unapima kazi ya mthamini. Tusiyachanganye.

Kuna na wa tatu, wa 2022, wa Fannie Mae, lile shirika la pili kati ya yale mawili, uliotazama tathmini milioni 1.8 za watu wanaobadilisha mikopo. Nautaja ingawa sehemu yake inakuunga mkono wewe: kwa wastani nyumba za wakopaji weusi zilipungua kidogo tu kulinganisha na makadirio ya kompyuta. Ila soma sehemu ya pili. Nyumba za weupe zilizo ndani ya mitaa ya weusi ndizo zilizozidishiwa thamani mara nyingi zaidi. Mtaa ule ule, barabara ile ile. Nani anaweza kuliita hilo shule dhaifu?

Pili, ubaguzi huu haukuingia kwa mlango wa nyuma. Ulifundishwa darasani. Mwaka 1933 mchumi Homer Hoyt wa Chicago alipanga makabila na mataifa kumi kwa namna yanavyoathiri bei ya ardhi: juu kabisa Waingereza, Wajerumani, Waskoti, Waairishi na Waskandinavia, chini kabisa weusi na Wameksiko. Mtu huyo alikwenda kuwa mchumi mkuu wa shirika la serikali la kudhamini mikopo ya nyumba, FHA, lililoundwa 1934. Mwongozo wa FHA ukawaagiza wathamini wachunguze kama eneo limeingiwa na makundi ya rangi "yasiyopatana", na ukasifu hati za viwanja zenye kukataza weusi. Wakati huohuo shirika jingine la serikali, HOLC, lilichora ramani za miji zaidi ya 200 na kuzipaka rangi: kijani kwa mitaa bora, nyekundu kwa ile ya hatari, na mitaa ya weusi ikapakwa nyekundu karibu yote.

Sheria ya haki ya makazi ilisainiwa Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Pamoja na hayo, miaka minane baadaye, 1976, Wizara ya Sheria ililazimika kuvishtaki vyama vya wathamini kwa sababu vitabu vyao vya mafunzo bado viliwafundisha wanafunzi kwamba rangi ya wakazi hushusha thamani. Chama kikubwa kilikubali mwaka uliofuata kuyafuta mafundisho hayo. Sasa fikiria mthamini aliyesoma 1970 akafanya kazi miaka arobaini na kulea wanafunzi njiani. Kwa miaka mingi fani hii imejifunzwa kwa kukaa chini ya bwana mwenye leseni. Usipompata bwana, hukupata masaa ya mafunzo, na leseni hukupata. Mpaka leo sehemu kubwa mno ya wathamini wa Marekani ni weupe.

Mthamini_Kinondoni

Mimi ni mthamini, ninafanya kazi Dar. Sina uzoefu wa Marekani, lakini mbinu ni moja na naweza kuwaeleza wasio wa fani pale ambapo mkono wa mtu unaingia.

Njia inayotumika kwa nyumba za kuishi ni ya ulinganisho. Unatafuta nyumba tatu au zaidi zilizouzwa karibuni, zinazofanana na hii kwa ukubwa, umri, hali na mahali. Halafu unasawazisha: hii ina choo cha ziada, punguza, ile haina gereji, ongeza. Mwisho unapata namba. Ukitazama karatasi utadhani ni hesabu tupu.

Lakini hesabu inaanza baada ya maamuzi matatu ambayo hayana kanuni ya hesabu. La kwanza, mpaka wa mtaa uko wapi? Mimi nikisema mtaa unaishia kwenye barabara kuu, nyumba zote ng'ambo ya barabara zimetoka kwenye ulinganisho, hata kama ni mita mia tatu. La pili, hali ya nyumba: "nzuri" au "ya wastani"? Neno hilo moja linabeba fedha nyingi. La tatu, kati ya mauzo kumi yanayofaa, nachukua matatu yapi? Nikichukua ya chini napata jibu la chini, na kila mstari wa ripoti utakuwa sahihi. Hakuna uongo hata mmoja ndani yake.

Hapa kwetu tuna sheria ya uthamini na usajili wa wathamini ya mwaka 2016, na bodi inayoweza kukuita ujieleze. Nimeona ripoti za wenzangu zikirudishwa kwa sababu ya kulinganisha kiwanja kilichopimwa na ambacho hakijapimwa. Ndugu Hoja_Kwanza amesema wathamini wawili hutofautiana. Ni kweli, hutofautiana. Tofauti ya asilimia tano au kumi sishangai. Ikifika asilimia hamsini katika muda mfupi, na kilichobadilika ni mtu aliyefungua mlango, mimi kama mwanataaluma sitaitetea.

Na jambo moja zaidi. Uthamini wa kubadilisha mkopo ni hatari kuliko wa mauzo, kwa kuwa hakuna bei ya mkataba. Kwenye mauzo mthamini anajua watu wamekubaliana kiasi gani, na namba hiyo inamvuta. Kwenye kubadilisha mkopo yuko peke yake na maoni yake. Ndiyo maana kesi hizi nyingi mnazozitaja ni za watu waliokuwa wanabadilisha mkopo.

Mwanakwetu

Mthamini_Kinondoni, umeeleza kwa dakika mbili kile ambacho mawakili wanaeleza kwa kurasa hamsini. Wakuu, rudieni aya yake ya tatu.

Mkamba_wa_Dallas

Habari zenu wote. Nimekuwa nikisoma tu, lakini hii imenigusa.

Sisi tulinunua nyumba, mke wangu ni muuguzi, mimi naendesha lori. Tulipotaka kubadilisha mkopo riba iliposhuka, mthamini alikuja siku ambayo mimi niko barabarani na mama yangu mzazi ndiye alikuwa nyumbani na watoto. Mama haongei Kiingereza sana. Mthamini alikaa ndani muda mfupi, akapiga picha, akaenda. Ripoti ikaja chini ya tuliyonunulia, na mtaa wetu kila mtu anajua bei zimepanda.

Nikasema ni bahati mbaya. Jirani yetu, mzee wa Kiamerika mweusi aliyestaafu posta, ndiye aliniambia, "Lete hiyo ripoti tuisome." Tukaisoma mezani kwake. Vyumba vya kulala vimeandikwa vitatu, tuna vinne. Jiko tulilobadilisha halijatajwa. Nyumba za kulinganisha, mbili zilitoka upande wa pili wa reli, na zilikuwa zimeuzwa na benki baada ya wenyewe kushindwa kulipa. Kwenye barabara yetu wenyewe zilikuwa zimeuzwa nyumba mwaka uleule na hakuitumia hata moja.

Tuliandika malalamiko kwa mkopeshaji. Chumba cha nne wakakirekebisha, namba ikapanda kidogo, nyumba za reli zikabaki palepale. Mkopo haukupita. Tukangoja, riba ikapanda, na mpaka leo tunalipa ile ya zamani. Siwezi kuapa mbele ya hakimu kwamba yule bwana alitubagua. Ninachojua ni kwamba mzee wa posta aliniambia yeye imemtokea mara mbili katika maisha yake, na alizungumza bila kushangaa hata kidogo. Hilo ndilo lililoniumiza.

Mwanakwetu

Pole sana ndugu yangu, na mfikishie mama salamu. Umetaja kitu ambacho wengi hawakioni: gharama haiko kwenye namba ya siku ile tu. Connolly na Mott walipokataliwa 2021 riba ilikuwa chini mno. Walipopata haki yao 2022 ilishaanza kupanda.

Kwa wasio na mkopo wa nyumba, chukueni mfano huu. Unadaiwa dola 200,000. Nyumba ikithaminiwa 250,000, deni ni asilimia 80 ya thamani, unapata riba nafuu na hulipi bima ya mkopo. Ikithaminiwa 220,000, deni linakuwa asilimia 91. Sasa utalipishwa bima kila mwezi, au utaambiwa hufai. Mtu hajaongeza deni hata senti, hajakosa kulipa hata mwezi mmoja. Na kwa mweusi wa kawaida Marekani nyumba ndiyo karibu mali yake yote; ndiyo ada ya chuo ya mtoto, ndiyo mtaji wa biashara, na kwa sisi wahamiaji ndiyo tunayoikopea hela ya kujenga nyumbani na kumtibu mzazi.

DawatiLaMikopo

Salaam. Mimi niko Minnesota, naandaa mafaili ya mikopo ya nyumba, kampuni sitaitaja. Naona watu wanahitaji hatua, basi niseme yale ninayoyaona kazini.

Ripoti ni haki yako. Mkopeshaji anatakiwa kukupa nakala, si chini ya siku tatu za kazi kabla ya kusaini mkopo, hata kama mkopo wenyewe umekataliwa utaipata. Wapo wanaotumiwa kwa barua pepe wasiifungue. Ifungue.

Humchagui mthamini, na afisa wa mkopo wako naye hatakiwi kumchagua wala kumshinikiza. Tangu msukosuko wa 2008 wakopeshaji wengi wanapitia kampuni za kati zinazopanga nani aende. Lakini hakuna sheria inayokuzuia kuwepo nyumbani na kumkabidhi mthamini karatasi: orodha ya matengenezo uliyofanya, mwaka na gharama, risiti za paa, jiko, mfumo wa joto. Wateja wanaofanya hivyo, matengenezo yao hayasahauliki kwenye ripoti.

Ikija chini, andika ombi la kupitia upya thamani. Tangu 29 Agosti 2024 Fannie Mae na Freddie Mac wanawataka wakopeshaji wanaowauzia mikopo wawe na utaratibu wa hilo na wakueleze mapema. Unapewa nafasi moja kwa kila ripoti, kwa hiyo usiitumie ovyo ukiwa na hasira. Unaruhusiwa kupeleka nyumba zisizozidi tano za kulinganishia. Hapo tafuta wakala wa nyumba unayemwamini akutolee mauzo yaliyokwisha kamilika, ya karibu, yanayofanana na nyumba yako. Bei zilizobandikwa kwenye tovuti za matangazo hazikubaliki, wala makadirio ya kompyuta ya tovuti hizo. Makosa ya wazi, kama hicho chumba cha nne cha Mkamba, yaweke juu kabisa.

Barua iwe ya utulivu. Nimeona barua ya kurasa sita yenye matusi ikiwekwa pembeni, na nimeona ya ukurasa mmoja yenye nyumba nne nzuri ikibadilisha jibu.

Na kama unaamini ni rangi, liandike neno hilo. Usizungukezunguke. Mteja akiandika "naamini nimebaguliwa", faili linatoka mezani kwangu linakwenda kwa watu wa sheria, na mkopeshaji anajua sasa naye yuko hatarini. Oktoba 2024 Wizara ya Sheria ilimshtaki mthamini mmoja wa Denver pamoja na kampuni ya kati ya Solidifi na mkopeshaji Rocket Mortgage, katika kesi ya mama mweusi. Dai dhidi ya mkopeshaji lilikuwa kwamba mama alipolalamika kuhusu ubaguzi, ombi lake la mkopo lilifutwa. Washtakiwa wana haki ya kujitetea, lakini tangu siku ile hakuna mwenzangu anayefumbia macho malalamiko ya namna hiyo.

Hoja_Kwanza

Nimefuatilia. Hoja ya bei ya mkataba sina jibu lake, nakubali. Swali langu jingine: je, serikali yenyewe inasemaje sasa? Maana nilisikia kulikuwa na kikosi maalumu.

Mwanakwetu

Kilikuwepo. Biden alikitangaza 1 Juni 2021 akiwa Tulsa, Oklahoma, siku ya kumbukumbu ya miaka 100 tangu mtaa wa weusi wa Greenwood ulipochomwa moto na watu wake kuuawa. Kiliitwa PAVE, kikaongozwa na wizara ya nyumba, ile inayoitwa HUD, na Machi 2022 kikatoa mpango wake: kufungua data, kurahisisha vijana weusi na Walatino kuingia kwenye fani, kuwapa wakopaji njia ya kupinga ripoti. Mei 2024 utaratibu wa kupinga ukaingizwa hata kwenye mikopo ya FHA, shirika lile lile lililokuwa linasifu hati za kukataza weusi.

Mwaka 2025 serikali ya Trump ikaufuta utaratibu huo wa FHA, na kikosi chenyewe kikavunjwa. Waziri wa nyumba alisema ni kuondoa mzigo usio wa lazima. Mimi naliona kama pigo, na sitalipaka sukari. Watu waliotumia miaka kuthibitisha tatizo wameambiwa tatizo halina ofisi tena.

Lakini msichanganye kikosi na sheria. Sheria ya 1968 ipo, na marekebisho yake ya 1988 yanautaja uthamini wa nyumba waziwazi. Sheria ya 1974 ya usawa katika mikopo ipo. Zilipitishwa na Bunge, waziri hawezi kuzifuta kwa barua. Na kesi za Baltimore na Marin City zilifunguliwa na familia zenyewe, zikishirikiana na mawakili na vyama vya haki ya makazi. Karibu kila jiji kubwa lina chama cha namna hiyo, na hawaulizi pasi yako ni ya wapi. Indianapolis kuna mama mweusi ambaye nyumba yake ilithaminiwa mara mbili, dola 125,000 kisha 110,000. Mara ya tatu hakutaja rangi yake popote, akamwomba mume wa rafiki yake, mzungu, akae nyumbani kama ndugu yake. Ikaja 259,000. Chama cha haki ya makazi cha pale ndicho kilichomsimamia kupeleka malalamiko.

Mtoto_wa_Kivu

Jamani, shikamooni wakubwa. Sisi tuko Kentucky, tulikuja kama wakimbizi, tulipitia kambi ya Nyarugusu. Kanisani kwetu familia nyingi zimenunua nyumba kwa mara ya kwanza, na wazee wetu wanaogopa. Wanasema ukilalamika watagusa makaratasi yako. Dada yangu nyumba yake ilithaminiwa chini mwaka jana mwezi wa tatu, alinyamaza. Je, bado ana muda? Na hii sheria inamhusu mtu asiye raia?

Mwanakwetu

Marahaba mdogo wangu. Sheria ya haki ya makazi inamlinda mtu kwa rangi yake na pia kwa taifa alikotoka, na haisemi lazima awe raia. Kulipiza kisasi kwa mtu aliyelalamika ni kosa peke yake, mbali na ubaguzi wenyewe. Waeleze wazee hivyo, na mchukue wakili wa chama cha haki ya makazi aje kanisani kuwaeleza mwenyewe, kwa sababu maneno ya mtandaoni hayatawaondolea hofu ya miaka mingi.

Kuhusu muda, malalamiko HUD ni ndani ya mwaka mmoja tangu tukio. Kesi mahakamani kwa sheria ya 1968 ni ndani ya miaka miwili. Kwa sheria ya usawa katika mikopo ni miaka mitano. Kwa hiyo HUD dada anaweza kuwa amechelewa, mahakamani bado ana muda. Aanze kwa kumwandikia mkopeshaji amtumie nakala ya ripoti kama hana, na asitupe barua pepe wala ujumbe wowote wa kipindi kile.

Mthamini_Kinondoni

Mtoto_wa_Kivu, akiipata ripoti, aanze na ukurasa wenye nyumba za kulinganishia. Achukue ramani, aweke alama nyumba yake na zile tatu, kisha atafute zilizouzwa karibu zaidi ambazo hazikutumika. Afiche majina na anwani, aniletee namba kwenye ujumbe wa siri. Nitazipitia bila malipo.

Mkamba_wa_Dallas

Mzee, na mimi yangu ninayo bado. Nakutumia leo usiku.